Jenereta Lililomsubiri Mgeni Rasmi

Itifaki imezingatiwa. Nasema hivyo kabla ya lolote, maana katika nchi yetu mtu akianza kusema bila kusema hivyo huhesabiwa kuwa bado hajasema. Nchi yenyewe sitaitaja. Ilikuwa na jina zuri, jina hilo likabadilishwa, na jina jipya halijazinduliwa hadi leo, kwa hiyo tunaishi ndani ya nchi bila kuiita chochote.

Kwetu kitu hakiwi kitu mpaka kizinduliwe. Wageni huona ajabu, lakini ukizaliwa humo huoni ajabu yoyote. Daraja la mto wetu limekamilika zamani, lina taa na kingo za chuma, na watu wanavuka mtoni chini yake, nguo wamezikunja hadi mapajani, kwa sababu utepe haujakatwa. Wakifika katikati huinua macho na kulisifu. Wodi mpya ya wazazi ina vitanda ambavyo nailoni haijatolewa. Akina mama hujifungulia barazani huku wakivitazama vitanda kupitia dirishani, na wauguzi wanasema mandhari hiyo inawatia moyo. Hata majumbani desturi imeingia. Jirani yangu alinunua sufuria mpya, akawa anakula kwangu mpaka balozi wa nyumba kumi alipopata nafasi ya kuja kukata utepe uliofungwa kwenye mfuniko. Alikula sana, na sikumlaumu.

Mimi naitwa Shomvi, mshereheshaji wa Kinu cha Nyuklia cha Taifa. Idara ya Sherehe pale kinuni ni kubwa kuliko Idara ya Mitambo. Mkurugenzi aliwahi kutueleza sababu: mitambo hujiendesha yenyewe, lakini sherehe haijiendeshi. Nimeshika maikrofoni miaka mingi. Mkono ukikunjwa hivyo muda mrefu, ukiwa unawataja waheshimiwa kwa vyeo vyao mmoja baada ya mwingine juani, unaingia ganzi. Yangu ilianzia vidoleni, ikapanda begani, na baadaye ikasambaa mahali ambapo madaktari hawapimi. Sikuwa na huzuni. Sikuwa na furaha pia. Nilikuwa na ratiba.

Kinu kiko juu ya kilima, na chini ya kilima kuna mji wa Bondeni. Nieleze kidogo kinavyofanya kazi, kama nilivyoelezwa na Injinia Nyamizi, msimamizi wa umeme wa akiba. Ndani kuna tanuri. Tanuri hilo hata ukilizima halipoi. Hubaki na joto kama jiko la mkaa ambalo mpishi ameliacha, isipokuwa jiko la mkaa huunguza maharage na hili huunguza wilaya. Kwa hiyo lazima maji yazunguke muda wote kulipooza. Maji husukumwa na pampu, pampu zinatumia umeme, na umeme huo unatoka Gridi ya Taifa.

Msomaji wa kwetu hapo ameshacheka. Gridi yetu ni kama shemeji mlevi: inakuja, inaondoka, na haiagi. Ikikatika, kinu kinachowapa wengine umeme hakina umeme wa kujipooza. Ndiyo maana kuna jenereta la dizeli pembeni, la kusukuma maji mpaka Gridi irudi.

Jenereta letu wafanyakazi waliliita Kikohozi. Kilikuwa kikuukuu, mwili umejaa kutu. Kikiwashwa kilikohoa, kikatema moshi mweusi, kikatulia kidogo kana kwamba kimesahau kilichotaka kusema, kisha kikaunguruma. Kila Jumamosi asubuhi Nyamizi alikijaribu, na sauti yake ilishuka hadi Bondeni.

Huko Bondeni aliishi mama yake Nyamizi, Bi Kalunde, muuza vitumbua. Miguu yake ilikuwa imekufa nusu. Alitoka jikoni hadi barazani kwa mkongojo, na safari hiyo ilimtosha kwa siku nzima. Mimi nilinunua kifungua kinywa kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekisikia kinavyokohoa leo?"

"Nimekisikia."

"Basi tupo. Mambo ya nyuklia siyajui, ila najua mgonjwa anayekohoa yu hai. Siku nisipokisikia, nafunga godoro langu."

Nikala vitumbua vyangu. Vilikuwa vya iliki, naambiwa.

*

Ikaundwa Tume ya Kuboresha Uhakika wa Umeme wa Akiba. Mwenyekiti wake alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa Kinu, Dakta Lugome. Udaktari wake ni wa heshima. Alitunukiwa na chuo kikuu ambacho majengo yake yanasubiri utepe. Wajumbe walivaa suti za rangi ya maziwa, wakasogea karibu na Kikohozi ili waone uhakika wake. Kikohozi kikawashwa, kikakohoa, na suti za maziwa zikawa suti za chai.

"Ndugu wajumbe," Dakta Lugome alisema huku akijifuta, "jenereta hili limewashwa mara nyingi mno, na katika mara hizo zipo ambazo limegoma mpaka lisukumwe. Hii ni aibu kwa taifa linalojiheshimu. Tunahitaji jenereta ambalo halijawahi kugoma hata mara moja."

"Mkurugenzi," Nyamizi alisema, "jenereta ambalo halijawahi kugoma ni lile ambalo halijawahi kuwashwa."

Alisema kwa kuonya. Tume iliyaandika maneno hayo kama pendekezo, ikampongeza kwa mchango wake.

Ndivyo lilivyokuja Jabali la Taifa. Lilikuwa kubwa kama nyumba ya kupanga, la kijani, linang'aa. Lilifungwa mahali pake kwa kreni, kisha utepe mwekundu ukazungushwa kiunoni mwake, na kuanzia hapo Kanuni za Uzinduzi zikakataza mtu yeyote kuligusa mpaka Mgeni Rasmi afike. Uhakika wake ukatangazwa redioni kuwa asilimia mia moja. Na kwa kuwa Kikohozi kiliharibu picha kikisimama karibu na Jabali, kikatenganishwa na pampu, kikapewa uhamisho kuja Idara ya Sherehe. Kazi yake mpya ilikuwa kuendesha vipaza sauti na friji la soda za wageni.

Jumamosi iliyofuata Bondeni kulikuwa kimya.

"Mbona sijakisikia?" Bi Kalunde aliniuliza.

"Tumepata jipya, mama. Kubwa. Lina utepe mwekundu."

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Linakohoa?"

"Halikohoi."

"Linapumua?"

"Linamsubiri Mgeni Rasmi."

Kesho yake nilikuta godoro lake limekunjwa, limefungwa kwa kamba ya katani mafundo mawili, limesimamishwa mlangoni. Yeye alikaa kando yake akikaanga.

*

Mgeni Rasmi alikuwa Mheshimiwa Pazi Mwinyikambi, Waziri wa Nishati na Uzinduzi. Tulimpangia siku. Siku hiyo akawa anazindua kisima. Tukampangia nyingine, akawa anazindua ukarabati wa kisima hichohicho. Ya tatu akawa safarini ng'ambo kujifunza namna wenzetu wanavyozindua, na akarudi amesikitika kwamba huko watu huanza tu kutumia.

Kila alipotarajiwa, mafundi rangi walilipaka Jabali upya ili vumbi lisimwaibishe mgeni, na kila alipoahirisha, rangi ilipauka ikangojea nyingine. Walikuwa mafundi wenye bidii. Walipaka mwili, wakapaka boliti, wakapaka kibao chenye maelekezo ya kuliwasha. Ubavuni Jabali lilikuwa na wavu mpana wa chuma ambako injini huvuta hewa. Nakumbuka mwanzoni wavu huo ulikuwa na matundu. Baada ya kuahirishwa mara kadhaa ukawa laini kama ukuta, na fundi mmoja mwenye kipaji akauchorea nembo ya taifa. Nilipiga picha pale. Mimi na wenzangu tulitoka vizuri.

Nilikuwa ofisini kwa Dakta Lugome nikimfanyisha mazoezi ya kutabasamu Nyamizi alipoingia.

"Mkurugenzi, naomba niliwashe mara moja tu, nijue kama linawaka. Na wale mafundi rangi waambiwe waache, wanaziba njia ya hewa."

"Injinia, bibi harusi hafunuliwi shela bwana harusi hajafika."

"Tanuri halingoji bwana harusi."

"Haraka haraka haina baraka."

"Na Gridi ikikatika kesho?"

"Gridi imeshaandikiwa barua," alisema Dakta Lugome, "isikatike mpaka sherehe ipite."

Ni kweli iliandikiwa, kwa heshima zote, na nakala ikapelekwa kwa mkuu wa mkoa. Nyamizi akatoka. Alinisubiri kwenye korido.

"Kaka Shomvi, wewe unanisikia, au nasema na kuta?"

"Nakusikia."

"Unaonaje?"

"Sioni chochote, dada. Nina ganzi."

"Mji mzima unaweza kukimbia," akasema. "Watabeba watoto, watapanda malori, watakwenda. Mama yangu hawezi kukimbia, na hakubali kuhama akaniacha mimi huku juu. Nakwambia ili angalau mtu mmoja ajue."

Nikajua. Nilirudi ndani, tukaendelea na tabasamu.

*

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatimaye akaja. Alitarajiwa asubuhi, akafika jua limeshapinda, jambo ambalo kwetu ni kuwahi. Kulikuwa na mahema, viti vilivyovishwa vitambaa, kwaya ya wafanyakazi, na ngonjera ya wanafunzi kuhusu atomu. Nyuma ya hema Kikohozi kilikuwa kinaunguruma kwa ajili ya vipaza sauti na soda. Nilitaja waheshimiwa wote, nikataja na waliotuma wawakilishi, nikataja wawakilishi, nikampa Waziri maikrofoni.

Alikuwa amefika kwenye maneno "Serikali yenu sikivu" Gridi ilipokatika.

Hakuna aliyejua, kwa sababu sauti ya Waziri iliendelea kutoka na soda ziliendelea kupoa. Huko ndani ya kinu taa zilizimika, na tanuri likajizima lenyewe, maana lilitengenezwa na watu wasioifahamu nchi yetu wakalipa akili. Lakini joto lilibaki na pampu zikasimama. Kulikuwa na betri. Ziliweza kuwasha mishale ya vipimo vya kuonyesha jinsi joto linavyopanda, na zilifanya kazi hiyo kwa ukamilifu.

Nyamizi akaja mbio, kofia ya kazi mkononi. Akainama mbele ya Dakta Lugome, aliyekuwa safu ya mbele, karibu na nilipokuwa nimesimama.

"Gridi imekatika. Pampu zimesimama. Niruhusu niliwashe Jabali."

"Utepe," alisema Dakta Lugome akizitazama kamera kwa lile tabasamu tulilolifanyia mazoezi.

"Basi aukate."

"Hotuba haijaisha."

"Joto linapanda, Mkurugenzi!"

"Hotuba nayo inapanda. Kaa, unaziba picha."

Akanigeukia mimi. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. "Kaka Shomvi, mkatishe."

"Mgeni Rasmi hakatishwi, dada. Hakuna aliyewahi."

"Basi nipe Kikohozi."

Waya wa Kikohozi kwenda kwenye vipaza sauti ulipita pale chini, na mimi nilikuwa nimeukanyaga. Sikumkubalia, sikumkatalia. Niliondoa mguu.

Yeye na mafundi wake wakauchomoa. Kebo ya zamani ya kwenda kwenye pampu ilikuwa bado ipo, kwa kuwa kazi ya kuiondoa haikuwa imefunguliwa rasmi. Wakaiunganisha. Kikohozi kikakohoa, kikatulia kidogo, kikashika kazi yake ya zamani, na huko ndani maji yakaanza kuzunguka.

Maikrofoni ikafa. Waziri hakugundua. Mdomo wake uliendelea kufunguka na kufunga, mkono wake ukapanda, na umati ulipouona mkono umepanda ukapiga makofi. Uliposhuka ukanyamaza. Alipojirudisha nyuma na kushika tumbo, watu wakacheka. Hotuba iliendelea hivyo kwa kirefu, na kusema kweli haikupungukiwa na kitu. Mwandishi wa habari aliyekaa karibu yangu hakuacha kuandika.

Kilichogunduliwa ni soda. Mheshimiwa mmoja alionja yake akasema ni ya moto, na hapo ndipo ulipoanza uchunguzi.

Lakini uzinduzi hauzuiwi na uchunguzi. Waziri akamaliza, akapewa mkasi, akakata utepe, akabonyeza kitufe. Jabali la Taifa likatetemeka. Likavuta pumzi. Nembo ya taifa iliyokuwa kwenye wavu ikabonyea ndani kama shavu la mtu avutaye kiko, ikabaki hivyo, na Jabali likanyamaza.

Waziri akategea sikio. Tukategea sote.

"Mnasikia chochote?" akauliza kwa sauti yake ya kuzaliwa.

"Hatusikii!"

"Hiyo ndiyo teknolojia! Jenereta lisilo na kelele! Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu!"

Tukapiga makofi, kwenye uwanja wa kinu cha nyuklia, kuushangilia mshindo mkuu. Nyuma ya hema Kikohozi kikaendelea kukohoa, na Waziri akauliza nani mgonjwa, apewe dawa.

*

Nyamizi alikamatwa kabla viti havijakusanywa. Hakushtakiwa kwa mambo ya tanuri, kwa kuwa tanuri halikupatwa na jambo. Gridi nayo ilikuwa na barua, hivyo haikukatika. Alishtakiwa kwa kunyamazisha hotuba ya Mgeni Rasmi. Mahakama ya zamani ilikuwa imebomolewa na mpya inasubiri utepe, kwa hiyo akawekwa mahabusu katika kituo cha polisi cha Bondeni mpaka patakapokuwa na pa kumhukumia. Tanuri likawashwa tena Gridi iliporudi. Halikuhitaji kibali, maana haikukubaliwa kwamba lilizimika.

Kisha ikaandaliwa Sherehe ya Mafanikio ya Uhakika, na mimi nikaagizwa nikirudishe Kikohozi kwenye vipaza sauti.

Bi Kalunde alinipa vitumbua nimpelekee mwanawe. Alivifunga kwenye kitambaa safi, akavifungua, akaongeza kimoja, akavifunga tena. Godoro lilikuwa palepale mlangoni.

"Mwambie nimekaa," akasema. "Siendi popote yeye akiwa mle."

Nyamizi alivila akiwa amesimama kwenye dirisha la nondo. Nikampa habari za Kikohozi.

"Kaka, Jabali limekufa," akasema. "Rangi imeingia mpaka ndani. Wakikiondoa Kikohozi na Gridi ikakatika, hapatakuwa na kitu cha kusukuma maji. Hakuna hata kimoja. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Lakini ni agizo."

"Mgeni Rasmi ni nani safari hii?"

"Yuleyule."

Akaendelea kutafuna. "Hebu niambie wewe mtu wa sherehe. Kitu kikishazinduliwa, kinaweza kuhamishwa?"

Nikamwambia haiwezekani. Kitu kilichozinduliwa kina jiwe la msingi lenye jina la mheshimiwa, na kuling'oa jiwe hilo ni uhaini. Nikamkumbusha choo cha umma kilichozinduliwa kimakosa katikati ya barabara kuu; choo kipo, barabara ndiyo iliyokizunguka. Nikaeleza kwa kirefu, maana kanuni ninazijua vizuri. Nilipomaliza nikamwona ananitazama na ameacha kutafuna.

"Basi, kaka Shomvi," akasema.

Ratiba ya sherehe huandikwa na mshereheshaji. Ni mamlaka madogo, na mimi sina mengine. Nilikirudisha Kikohozi kama nilivyoagizwa, kwa maana ya kwamba niliagiza mahema yahamishwe yazungushwe palepale kiliposimama, karibu na kebo yake. Nikatafuta jiwe la mradi uliokufa, nikaligeuza nyuma, fundi akalichonga upande wa pili. Nikakifunga Kikohozi utepe kiunoni. Haukukipendeza.

Siku ilipofika, Waziri alipomaliza kushukuru, nilishika maikrofoni nikasema, "Na sasa, kwa heshima na taadhima, Mgeni Rasmi atazindua Jabali la Pili la Taifa, litakalosukuma maji ya kinu chetu daima."

Dakta Lugome aliruka kutoka kitini. Kamera zikamgeukia, naye akajikuta anapiga makofi. Waziri hakuuliza Jabali la Pili limetoka wapi.

"Mkasi uko wapi?" ndilo lilikuwa swali lake pekee.

Akakata. Kikohozi kikawashwa, kikamkoholea suti yote. Alijitazama, akatangaza kwamba leo ameguswa na historia. Mafundi wakaunganisha kebo ya pampu papo hapo, hadharani, wakipigiwa vigelegele.

*

Nilidhani nimemaliza. Wageni waliondoka, mahema yakashushwa, na Gridi, iliyovumilia sherehe nzima kwa adabu, ikakatika. Kikohozi kikaendelea kuunguruma peke yake, kikisukuma maji. Nilikuwa naanza kuteremka kwenda Bondeni kumpa Bi Kalunde habari nilipoliona lori la mafundi rangi linapanda kilima.

Nilikuwa nimesahau. Kanuni zinasema kilichozinduliwa hupakwa rangi.

Walishuka na ndoo zao za kijani. Wakaanza mgongoni mwa Kikohozi, wakashuka kwenye matangi, wakija ubavuni, kwenye wavu wa hewa. Nilitaka kusema neno, na sikuwa na maikrofoni. Sijui watu husemaje wasipokuwa na maikrofoni. Nikaenda nikasimama mbele ya wavu, uso kwenye mashine, nikapanua mikono na kushika fremu kwa pande zote mbili, nikiacha nafasi ya kiganja ili hewa ipite.

"Kaka, tupishe," alisema kiongozi wao.

"Pakeni."

"Tunapakaje nawe umesimama hapo?"

"Nizungukeni."

Akafikiri. "Wewe umezinduliwa?"

"Sijazinduliwa."

"Basi kwenye kanuni hupo," akasema, na akaonekana kupata nafuu. "Vijana, mzungukeni."

Wakanizunguka. Walikuwa mafundi wazuri, hawakuruka mahali. Walifuata mabega, wakafuata masikio, wakafuata mikono hadi ncha za vidole. Rangi ikanirukia mgongoni, kwenye suti yangu ya pekee ya sherehe. Na kadiri nilivyoshikilia, Kikohozi kilikuwa kinatetemeka, na mtetemo huo ukaingia vidoleni, ukapanda viganjani, ukafika kwenye viwiko. Vidole vikaanza kuuma. Nikasikia harufu ya dizeli. Ndipo nikaogopa. Niliogopa tanuri lililokuwa nyuma ya ule ukuta, nikamwogopa Waziri, nikawaogopa polisi, nikaogopa kwa ajili ya mwanamke asiyeweza kukimbia. Niliogopa yote kwa pamoja, kama deni la miaka, lakini sikuachia fremu. Nililia pia. Mafundi walidhani ni rangi imeniingia machoni.

Walipoondoka nikarudi nyuma nikatazama. Kikohozi kizima kilikuwa cha kijani, laini, kinang'aa, isipokuwa ubavuni palipobaki umbo la mtu aliyetanua mikono, halina rangi, matundu wazi. Hewa ilikuwa inaingia kupitia hapo.

Nilifika Bondeni suti imenikaukia mgongoni. Bi Kalunde alikuwa barazani kando ya godoro lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Geuka nikuone. Nani kakupaka?"

"Serikali, mama."

"Mwanangu anakisikia kule?"

"Anakisikia. Dirisha lake limeelekea kilimani."

Akategea sikio, nami nikategea. Kikohozi kilikohoa, kikatulia kidogo, tukasubiri sote wawili, kisha kikaendelea.

"Kinapumua?" akauliza.

"Kinapumua, mama."

Akaivuta kamba ya godoro, akafungua fundo moja. La pili akaliacha.